Soma Tiketi Kabla ya Kushika Bisibisi

Printa za tiketi zinazofikishwa kwa fundi zikiwa "zimekufa", nyingi hazijafa. Zimewekewa karatasi mbovu, zimejaa vumbi, au zinanyimwa umeme wa kutosha. Mpangilio ni uleule karibu kila mara: karatasi kwanza, uchafu pili, umeme tatu, mawasiliano na simu au kompyuta nne, na kichwa cha kuchapia mwisho kabisa. Fundi anayeanzia mwisho, akafungua skrubu zote na kuagiza kichwa kipya, humlipisha mteja bure. Na mara nyingi hakuna haja ya kubahatisha, kwa sababu ile tiketi iliyotoka vibaya inaeleza yenyewe kasoro iko wapi.

Hapa nazungumzia printa zinazochapa kwa joto, zisizo na wino wala utepe. Zile za mkononi za milimita 58 wanazoning'iniza wakatisha tiketi pale stendi ya Magufuli Mbezi au Msamvu Morogoro, zile za mezani za milimita 80 kwenye madirisha ya boti za Zanzibar na kwenye maegesho ya magari, na hata zilizomo ndani ya mashine za EFD (za kutolea risiti za kodi) madukani. Maumbo yanatofautiana, lakini ndani zinafanya kazi kwa namna moja.

Karatasi yake imepakwa kemikali mbili, rangi isiyoonekana na tindikali ya kuiamsha. Zikipata joto la kama nyuzi 70 hadi 100 zinayeyuka, zinakutana, weusi unatokea. Kichwa ni kipande cha seramiki chenye mstari mmoja mwembamba wa vitone vya kupasha joto, 8 katika kila milimita. Printa ya karatasi ya milimita 58 huchapa upana wa milimita 48, yaani vitone 384. Ile ya milimita 80 huchapa upana wa milimita 72, yaani vitone 576. Herufi ya kawaida ina upana wa vitone 12, ndiyo maana mstari mmoja huchukua herufi 32 kwenye printa ndogo na 48 kwenye kubwa. Shika hizi namba, maana hitilafu nyingi zinaelezeka kwazo.

Kabla ya lolote, itenge printa na simu au kompyuta. Izime, bonyeza kitufe kilichoandikwa FEED na uendelee kukishikilia huku unawasha, kisha kiachie baada ya sekunde mbili tatu. Itatoa karatasi ya majaribio yenye jina la modeli, toleo la programu yake, kasi ya mawasiliano, anwani ya mtandao kama inatumia waya wa mtandao, na mistari ya herufi. Ikitoka safi, achana na printa, tatizo liko kwenye simu, waya au programu ya tiketi. Ikitoka na kasoro ileile uliyoiona kwenye tiketi, basi mwenye programu hana hatia. Baadhi ya modeli ukishikilia kitufe kupita kiasi huingia kwenye hali ya kuchapa namba za heksadesimali, kila kitu kinatoka kama 1B 40 0A. Zima, washa tena, itarudi. Nimeona watu wakibadilisha draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, siku nzima kwa jambo hilo tu.

Karatasi

Kwaruza karatasi kwa ukucha. Upande unaoacha alama nyeusi ndio wenye kemikali, na ndio unaotakiwa kutazama kichwa. Roli nyingi zimevingirishwa kemikali ikiwa nje, lakini si zote, na roli zilizovingirishwa upya mitaani huja kinyume. Printa inayosukuma karatasi nyeupe vizuri, bila taa ya hitilafu, bila kelele, haina ugonjwa. Geuza roli.

Ukinunua roli, vipimo vilivyoandikwa ni upana na kipenyo, si upana na mita. Roli ya 57 kwa 40 ina kipenyo cha milimita 40. Urefu wa karatasi unategemea kishina cha katikati, na hapo ndipo wauzaji wanapopata faida. Chukua kipenyo cha nje na ukizidishe kwa chenyewe, toa kipenyo cha kishina kilichozidishwa kwa chenyewe, zidisha kwa 0.785, kisha gawa kwa unene wa karatasi, ambao kwa risiti ni milimita 0.06 hivi. Roli ya 40 yenye kishina cha milimita 12 inatoa mita 19. Roli ileile ya 40 yenye kishina cha milimita 25 inatoa mita 13 tu. Kwa tiketi ya sentimita 15, ya kwanza inakata tiketi kama 125 na ya pili 85, na dukani zimepangwa rafu moja kwa bei moja.

Karatasi ya bei ya chini kabisa ina madhara mengine. Pitisha kidole gumba juu yake kwa nguvu kidogo. Kidole kikibaki na unga mweupe, unga huohuo utaganda kwenye kichwa, na kwa kuwa karatasi isiyo na tabaka la juu la kinga inakwangua, kioo kinachofunika vitone kitalika mapema. Watengenezaji wengi wa vichwa hutaja uhai wa kilomita 50 hadi 100 za karatasi, wengine zaidi, lakini hesabu hiyo ni ya karatasi safi.

Mwisho wa roli nzuri una mstari mwekundu au wa waridi pembeni. Ukiuona, badilisha roli. Wakatisha tiketi wengi huendelea hadi karatasi iishe kabisa, na baadhi ya roli zimegundishwa kwenye kishina. Ile gundi huburutwa hadi kwenye rola ya mpira inayosukuma karatasi, kichwa, na kisu cha kukatia. Kisu kilichokwama mchana wa Ijumaa, abiria wamepanga foleni, mara nyingi kimekwamishwa na sentimita kumi za karatasi ambazo zingetupwa.

Akiba ya roli isikae kwenye kibanda cha bati wala juu ya dashibodi ya basi. Joto likifika nyuzi 60 na zaidi karatasi inaanza kuwa ya kijivu kabla haijachapwa, na basi lililoegeshwa juani Dodoma linafika huko bila shida. Iache ndani ya mfuko wake wa nailoni hadi siku ya kutumika.

Tiketi inavyosomwa

Mstari mweupe mwembamba unaofuata urefu wa karatasi, palepale kwenye kila tiketi, maana yake kitone kimoja au kadhaa havichapi. Ama kuna uchafu umekaa juu yake, ama kimeungua. Kutofautisha ni rahisi: safisha kichwa, chapa tena. Mstari ukihama, ukipungua au ukiondoka, ulikuwa uchafu. Ukibaki palepale na kingo kali kama umekatwa kwa wembe, kitone kimekufa na hakuna dawa ya kukifufua.

Upande mmoja mweusi na mwingine umefifia: kichwa hakijakaa sawa dhidi ya rola. Angalia kwanza kifuniko kama kimebana pande zote mbili. Vifuniko vingi vya plastiki vina ndoano mbili, na watu hukisukuma kwa kidole upande mmoja tu. Funga kwa kubonyeza katikati hadi usikie mlio. Kama kimefungwa vizuri, tafuta springi nyuma ya kichwa iliyotoka mahali pake, au mhimili wa rola uliochomoka kwenye bushi upande mmoja.

Herufi zilizofinyana, fupi kuliko kawaida, au mistari inayopandiana: karatasi inateleza. Rola ya mpira imejaa vumbi la karatasi, au imekuwa ngumu na kung'aa, au roli ya karatasi imebana kwenye sehemu yake. Printa yako ya 58 ikiwekewa roli ya kipenyo cha 50 ilhali nafasi yake ni ya 40, mota itaivuta kwa taabu na mistari itapandiana hivyohivyo.

Kasoro inayojirudia kwa umbali uleule, mfano mkanda mweupe mlalo kila baada ya sentimita mbili na nusu, ipime kwa rula. Umbali huo gawa kwa 3.14. Ukipata 8, na rola ya printa yako ina kipenyo cha milimita 8, basi rola ina kovu au kipande cha gundi sehemu moja. Rola ya milimita 10 hurudia kila milimita 31. Umbali ukiwa mfupi zaidi na haulingani na rola, hesabu meno ya gia, kuna moja limevunjika au limeziba kwa uchafu. Rula ya shule imetatua kesi nyingi kuliko multimita, kile kipimo cha umeme.

Tiketi yote imefifia kwa usawa: ama karatasi haina nguvu, ama uzito wa uchapaji (kiasi cha weusi kwenye mipangilio) umewekwa chini, ama umeme hautoshi. Wengi hukimbilia kuongeza uzito wa uchapaji. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuua kichwa, kwa sababu kila kitone kinapashwa joto kwa muda mrefu zaidi kuficha tatizo ambalo si lake. Badilisha roli kwanza, kisha safisha, kisha pima umeme. Uzito uguse mwisho, hatua moja moja.

Tiketi nyeusi tii kutoka ukingo hadi ukingo: zima mara moja. Utepe wa nyaya unaokwenda kwenye kichwa umekaa upande, au saketi inayoviamuru vitone imeungua na vyote vinawaka pamoja. Ukiiacha iendelee, dakika chache zinatosha kumaliza kichwa.

Kusafisha

Kinachohitajika ni spiriti aina ya isopropili ya asilimia 90 na kuendelea, inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya mafundi simu, na vijiti vya pamba. Spiriti ya kusafishia vidonda ya duka la dawa haifai: aina nyingi zina maji mengi, na nyingine zimetiwa mafuta ya nyonyo, yanayobaki kama utando. Spiriti ya zambarau ya majiko ina rangi. Petroli na tina huvimbisha mpira wa rola. Sanitaiza ya mikono ya jeli ndiyo usiiguse kabisa.

Zima printa, chomoa adapta, na ile ya mkononi toa betri. Subiri dakika kumi kichwa kipoe. Fungua kifuniko utafute ukanda mwembamba wa seramiki, mara nyingi uko upande wa mwili wa printa, unatazamana na rola iliyo kwenye kifuniko. Ukimulika kwa tochi ya simu kwa mshazari utaona mstari mmoja unaong'aa kuliko pembeni yake. Hivyo ndivyo vitone. Usiuguse kwa kidole, jasho lina chumvi na mafuta, na mkono ulioshika sweta siku kavu una umeme tuli unaoweza kuharibu saketi. Gusa kwanza chuma kilichoungwa ardhini.

Lowesha kijiti kidogo, kisidondoke. Pitisha kwenye mstari kutoka kushoto kwenda kulia, uelekeo mmoja, kijiti kikichafuka chukua kingine. Cha kwanza kitatoka kijivu, wakati mwingine na vipande vyeusi vya karatasi iliyoungua. Endelea hadi kitoke cheupe. Gundi iliyoganda usiikwangue kwa bisibisi wala wembe, kioo kile ni chembamba kuliko karatasi yenyewe. Weka kijiti kilicholowa juu yake kwa dakika moja, kisha futa. Acha wazi dakika tatu spiriti ikauke ndipo ufunge. Kuwasha kichwa kikiwa kimelowa ni kukitafutia ajali.

Rola nayo izungushe kwa gia yake polepole huku unaifuta, mzunguko mzima, si ule upande unaoonekana tu. Kisha peperusha vumbi kwa brashi laini ya rangi. Ukipuliza kwa mdomo unapeleka mate.

Kwenye ofisi yenye kiyoyozi, mara moja kwa miezi mitatu inatosha. Stendi yenye vumbi la mabasi, fanya kila wiki. Kwenye bandari, chumvi ya hewani hushambulia zaidi pini za adapta na za betri kuliko kichwa. Zifute nazo kwa spiriti hiyohiyo kabla hazijaota ukungu wa kijani.

Umeme

Hapa ndipo mafundi wengi wanapodanganywa na multimita. Betri ya printa ya mkononi ina seli mbili, volti 7.4, ikijaa 8.4. Ukipima ikiwa imepumzika inasoma 7.9 na unaambiwa betri nzima. Lakini angalia hesabu. Kichwa kidogo chenye vitone vyenye ukinzani wa omu 176 kinavuta miliampea 42 kwa kila kitone. Vitone 64 vikiwaka pamoja ni ampea 2.7. Betri iliyochoka haiwezi, volti zinaporomoka, saketi inazimika. Dalili yake haifichiki: maandishi madogo yanatoka vizuri, ikifika kwenye nembo nyeusi ya kampuni ya basi printa inazima au inaanza upya. Pima volti wakati inachapa nembo, si wakati imelala. Zikishuka chini ya 6.5 hivi, betri imekwisha. Na nembo ile nyeusi, kusema kweli, haina kazi kwenye tiketi. Ifanye ya mistari, betri itadumu zaidi na kichwa pia.

Printa ya mezani ya milimita 80 kwa kawaida inataka volti 24 na ampea 2 hadi 2.5. Chukua kichwa chenye vitone vya omu 650: kila kimoja kinavuta miliampea 37, na vyote 576 kwa pamoja vingetaka zaidi ya ampea 21. Hakuna adapta ya mezani inayotoa hivyo, kwa hiyo printa hugawa mstari vipande na kuviwasha kwa zamu. Adapta ikidhoofika, vipande vya mwisho vinafifia, au printa inapunguza kasi na kutoa mlio wa kukwamakwama. Kabla ya kuweka adapta nyingine angalia volti, ampea na upande wa chanya. Adapta ya kamera za ulinzi ya volti 12 inayoingia kwenye tundu haimaanishi inafaa.

Taa ikimweka na printa ikasimama katikati ya foleni, kisha ikaendelea yenyewe baada ya dakika moja au mbili, hiyo ni kinga ya joto. Ndani ya kichwa kuna kipima joto kinachosimamisha kazi kabla vitone havijaungua. Isogeze kwenye kivuli, punguza uzito wa uchapaji.

Nyuma ya printa ya mezani kuna tundu la droo ya pesa linalofanana na la simu ya waya. Usichomeke humo waya wa simu wala wa mtandao. Lina volti 24.

Kisu na sensa

Kisu kikikwama katikati ya njia, kifuniko hakifunguki, na kosa kubwa ni kukivuta kwa nguvu. Zima, washa, mara nyingi kinarudi chenyewe. Kisiporudi, zima tena, fungua kidirisha kidogo cha mbele, ndani kuna gurudumu la plastiki la kisu. Lizungushe kwa kidole au bisibisi ndogo hadi ukingo wa kisu upotee ndani; modeli nyingi zina kitundu kinachoonyesha alama kisu kikiwa nyumbani. Kisha fungua kifuniko na utoe mabaki ya karatasi kwa kibano. Usikitie kisu mafuta, yatashika vumbi na kuchafua kila tiketi.

Printa ikidai karatasi imeisha wakati roli imejaa, tafuta sensa: jicho dogo jeusi kwenye njia ya karatasi. Linatoa mwanga usioonekana na kupokea unaorudi kutoka kwenye karatasi. Vumbi likiliziba, halioni. Jua likilipiga moja kwa moja kupitia uwazi wa kifuniko nalo linachanganyikiwa, ndiyo maana printa ya dirishani inagoma saa tisa alasiri na kupona jioni. Geuza meza.

Tiketi ngumu zilizochapwa tayari, zenye kipande cheusi mgongoni, zina sensa yake inayotafuta weusi ule ili ijue pa kukatia. Printa ikitoa tiketi tatu nzima nzima kisha ikasimama, au ikikata katikati ya maandishi, ama hali ya alama nyeusi haijawashwa, ama kadi zimewekwa alama ikiwa upande usio wa sensa, ama wino wa alama umefifia. Linganisha na kadi za shehena iliyopita kabla ya kugusa mipangilio.

Simu, kompyuta na msimbo wa QR

Bluetooth: namba ya siri huwa 0000 au 1234. Printa moja huongea na simu moja kwa wakati. Simu ya konda wa zamu iliyopita ikiwa bado imeshikilia muunganisho pale nje ya ofisi, simu yako itaambiwa imeshindwa, na hakuna kitu kilichoharibika. Zima Bluetooth ya ile simu.

Herufi za ajabu zisizosomeka, ilhali jaribio la printa lilitoka safi, ni kasi ya mawasiliano isiyolingana kwa printa zinazotumia waya wa serial (unaotuma data biti moja baada ya nyingine), mfano 9600 dhidi ya 115200, au ni draiva ya aina nyingine ya printa. Mistari inayovunjika neno katikati ni programu iliyopangwa kwa herufi 48 ikitumwa kwenye printa ya 32.

Kwenye Windows, ukihamisha waya wa USB kutoka tundu moja kwenda jingine, kompyuta huweza kuunda printa ya pili yenye jina lilelile na neno Copy, huku programu ikituma kazi kwa ile ya zamani. Rudisha waya kwenye tundu lake, au badilisha tundu kwenye mipangilio ya ile ya kwanza. Foleni ikiganda, simamisha huduma ya Print Spooler na uianzishe tena. Printa ya mtandao kwa kawaida husikiliza mlango (port) namba 9100, na anwani yake imeandikwa kwenye ile karatasi ya majaribio.

Msimbo wa QR ndio unaoumbua printa iliyochoka. Herufi yenye mstari mweupe bado inasomeka kwa macho, lakini kikagulio cha mlangoni kinagoma. Kila mraba mdogo wa msimbo upewe vitone 4, yaani nusu milimita, usiwe chini ya 3. Kiwango cha kujisahihisha cha M huvumilia uharibifu wa asilimia 15 hivi, na Q asilimia 25. Kwa printa za stendi chagua Q. Kama kichwa kina kitone kilichokufa, na nafasi ipo, sogeza msimbo kushoto au kulia ili mstari mweupe upite pembeni yake. Kwa mabadiliko hayo tu kwenye programu, printa inaweza kuhudumu miezi mingine mingi. Msimbo wa mistari nao, ukiulaza ili mistari yake ivuke upana wa karatasi, kitone kilichokufa kinakata kila mstari kidogo bila kufuta hata mmoja. Ukiusimamisha kinaweza kumeza mstari mzima.

Tiketi ikishatoka mikononi mwako bado inaweza kufutika: jua, pochi za plastiki laini, na sanitaiza kwenye vidole vyote vinaiharibu. Risiti za mafuta na matengenezo zinazotakiwa kukaa miaka 5 kwa ajili ya kodi, zitoe kopi au zipige picha siku ileile.

Kubadilisha kichwa

Kwa printa ya mezani inalipa, kwa ile ndogo ya bei rahisi mara nyingi hailipi. Kabla ya kuagiza, pima kipima joto cha kichwa kwenye utepe wake wa nyaya. Aina nyingi ni kilo-omu 30 kwenye nyuzi 25, hivyo Dar es Salaam mchana, nyuzi 32, tarajia kama 22. Ukisoma waya uliokatika, printa itakataa kuchapa hata kama vitone vyote ni vizima, na pengine ni utepe uliochanika tu. Agiza kwa namba iliyoandikwa mgongoni mwa kichwa, si kwa jina la printa, maana modeli moja huja na vichwa vya ukinzani tofauti. Utepe uingie umenyooka hadi mwisho, kufuli lake lifungwe, ndipo umeme uwashwe. Utepe ulioingia mshazari kwa nusu milimita unaweza kuunguza kichwa kipya sekunde ile unapobonyeza swichi, na muuzaji hatakirudisha.

Ile ndogo isiyolipa kutengenezwa usiitupe nzima. Rola, gia, springi na kifuniko chake vitaokoa nyingine ya aina hiyohiyo. Betri itoe kwanza, na kama imevimba isichajiwe wala kutobolewa. Iweke kwenye ndoo ya mchanga mbali na karatasi hadi upate pa kuipeleka.